Mhaya Aliyeuza Wahaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika dakika hamsini kabla ofisi haijafunguliwa. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba basi la kutoka Thamesmead, kule London, laweza kuchelewa, treni yaweza kusimama njiani, na mimi naweza kushuka kituo kisicho changu. Hakuna hata kimoja kilichotokea. Nikasimama mbele ya mlango uliofungwa nikiwaza: mtu akiniona hapa atasema nina bidii au nina wazimu? Nikaamua nizunguke mtaa kidogo. Nikapotea. Nikaingia kazini nimechelewa dakika saba.

"Ndiye huyu mwenye digrii ya jiografia?" aliuliza Mkurugenzi.

"Ndiye, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mhaya. Bukoba."

"Ebo! Mmefika mpaka huku!" Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watu wengi niliosoma nao. "Ziwa letu ni moja, dada. Tofauti ni kwamba nyinyi mna digrii, sisi tuna duka." Akanisukumia karatasi. "Soma hapo."

Nikasoma: "Oaksaka."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Wahaka! Linaandikwa kwa O na X, linatamkwa Wahaka. Ni jimbo la Meksiko, upande wa kusini. Mhaya atashindwaje kutamka Wahaka?"

Hilo ndilo lililonifanya nipewe dawati la Meksiko, utani wa jina. Lakini mimi, ambaye huwa sichukulii kitu kuwa utani tu, nilirudi Thamesmead siku hiyo nikiamini nimepewa ishara.

Nyinyi vijana mnaokata tiketi kwa kidole mkiwa kitandani, niruhusuni niwaeleze kazi ilivyokuwa katikati ya miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa ya wakala wa usafiri, kaunta tatu na ramani moja, kati ya Neasden na Queensbury, na wateja wetu wengi walikuwa Wahindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanganyika. Tiketi ilikuwa kijitabu chenye kurasa nyembamba na kaboni nyekundu nyuma yake. Ulikuwa ukiandika kwa kalamu ya wino mgumu, ukibonyeza kwa nguvu, ili maandishi yapenye mpaka ukurasa wa mwisho. Ukikosea herufi moja, kijitabu chote ni batili. Kila mji una herufi tatu. Wahaka ni OAX. Wiki yangu ya pili niliandika OAK, Mkurugenzi akaiona kabla mteja hajaja kuichukua. "Dada," alisema taratibu, "huyu mzee anataka kuona magofu. Wewe umempeleka Kalifonia."

Halafu kulikuwa na mashine ya nafasi, kioo cheusi chenye maandishi ya kijani. Uliiuliza kama ndege ina nafasi, nayo ilikujibu kwa herufi mbili. HK ilimaanisha nafasi imethibitishwa. HL ilimaanisha mteja yuko kwenye orodha ya kungoja: jina lake lipo, kiti chake hakipo. Mwenye HL alikuwa akipiga simu kila asubuhi. Nilikuwa mpole sana kwa wateja wa HL. Mimi mwenyewe pasipoti yangu ilikuwa Ofisi ya Uhamiaji, ndani ya bahasha, na ombi langu la kukaa nchini lilikuwa linangoja. Bila pasipoti sikuweza kuvuka hata kwenda Ufaransa. Nilikuwa nikiwapeleka watu duniani kutoka kwenye kiti nisichoweza kuondoka.

Kwa hiyo nilijifunza Wahaka kwa masikio. Nilianzisha utaratibu ambao Mkurugenzi aliuita ripoti ya kurudi. Kila mteja aliporudi nilimpigia simu nikamhoji, na majibu nikayaandika kwenye daftari gumu lenye jalada la bluu. Baada ya miaka mitatu nilijua mengi. Nilijua kwamba Monte Alban, mji wa kale wa Wazapoteki, umejengwa juu ya mlima uliokatwa kilele ukawa tambarare kama meza, na kwamba ni vizuri kufika kabla jua halijawa kali kwa sababu hakuna kivuli. Nilijua kuta za Mitla zimepambwa kwa vipande vya mawe vilivyopangwa kama ususi wa mkeka. Nilijua mti wa Tule una shina nene kiasi kwamba watu kumi hawawezi kushikana mikono kuuzunguka. Nilijua kijiji kimoja wanafinyanga vyungu vyeusi vinavyong'aa, na kingine wanafuma mazulia kwa rangi nyekundu inayotokana na wadudu wa kwenye dungusi. Nilijua Hierve el Agua, jina lenye maana ya maji yanachemka, ilhali maji yake ni ya baridi, na maporomoko yake hayaanguki kwa sababu ni ya mawe. Na nilijua kwamba sokoni kuna akina mama wanaouza panzi wa kukaanga waliotiwa chumvi, ndimu na pilipili, kwenye mabeseni.

Habari ya panzi ilinikamata moyo. Sisi Bukoba tuna senene. Zikifika mvua za Novemba huwa tunawakusanya, tunawanyonyoa mbawa na miguu, tunawakaanga. Nilikuwa na miaka mingi sijaonja. Nilimsimulia habari hiyo kila aliyekubali kusikiliza, na aliyekubali zaidi alikuwa Nisha.

Nisha alikuja kaunta ya tatu mwaka wangu wa tatu. Alizaliwa Nairobi, alikulia Queensbury, na alikuwa na pasipoti ya Kiingereza aliyoiacha ovyo kwenye droo pamoja na lipstiki. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, chenye kukimbia na "aki" za kuapia kila mara. Alikuwa mchangamfu, alisahau herufi za miji, aliita Mitla "Milta", na wateja walimpenda. Nilimpenda pia. Naliandika hili mapema ili lisije likadhaniwa uongo baadaye.

Basi ikaja faksi. Shirika moja la watalii la kule lilitualika tumtume mfanyakazi mmoja kwa safari ya mafunzo. Hiyo ilikuwa desturi ya kazi yetu: mwuzaji anapelekwa bure kuona anachokiuza, siku tisa, hoteli kwa hoteli, ili akirudi auze kwa macho yake. Faksi ilitaja jimbo: Wahaka.

Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, nikajua.

"Ungekuwa na pasipoti, dada, nisingefikiri mara mbili."

"Majibu yanaweza kutoka wiki hii, Mzee."

"Umeniambia hivyo tangu Krismasi. Krismasi ya juzi." Hakusema kwa ubaya. "Atakwenda Nisha. Wewe umwandae. Kila kitu kilicho kwenye daftari lako, mwingizie kichwani."

"Hajui hata Mitla iko wapi."

"Ndiyo maana anakwenda. Wewe unajua tayari."

Nilirudi kaunta nikakaa. Wivu wa mapenzi nilikuwa nimeusoma kwenye hadithi. Huu haukuwa huo. Niliona kama mtu ameingia chumbani kwangu akavaa nguo niliyojishonea mwenyewe kwa miaka mitatu, na nguo imemkaa. Nilianza kumhesabia Nisha makosa. Anacheka sana. Anachelewa. Nikajiuliza kama Mkurugenzi alimchagua kwa sababu ni Mhindi mwenzake, nikajijibu hapana, ni pasipoti, nikajiuliza tena. Usingizi ulikatika.

Siku ya kumwandaa tulikaa na daftari la bluu katikati yetu. Tulipita mahali hadi mahali, naye akaandika kwenye vikaratasi vya rangi. Mwishoni akauliza lile swali.

"Na chakula je? Si unajua mimi sili nyama. Hata mayai mamangu hataki kuona. Aki, nikila kitu huko, Mama atanifukuza nyumbani."

Sasa sikilizeni. Kwenye ukurasa ule ule, chini kidogo ya kiganja changu, palikuwa na ripoti ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye naye hakula nyama. Alikuwa ameniambia kuhusu tlayuda, chapati ya mahindi ya Wahaka, ngumu, pana kama sinia, inayopakwa maharage na jibini. Ukisema *sin carne*, yaani bila nyama, watakuletea bila nyama. Lakini chini ya maharage huwa wamekwisha kupaka asiento, nayo ni mafuta ya nguruwe. Kwao hayo si nyama, ni mafuta tu. Lazima uyakatae kwa jina lake. Nilikuwa nimeipigia mistari miwili.

"Sema *sin carne*," nikamwambia Nisha. "Bila nyama. Utakula vizuri sana."

Nikafunga daftari.

Siwezi kusema nilisahau. Mimi husahau vitu vichache, na sijui kusahau kitu kilicho chini ya mkono wangu. Siwezi kusema pia sikujua uzito wake. Ukoo wetu una mwiko wa kamongo, yule samaki wa matope, na shangazi yangu aliwahi kulishwa na mawifi zake kwa mzaha. Alipoambiwa hakulia wala hakugomba. Alikaa ukumbini siku mbili akiwa kama mgeni ndani ya mwili wake. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa. Niliyajua yote haya, na nikafunga daftari, kwa sababu nilitaka pawe na kitu kimoja cha Wahaka ambacho Nisha hatakipata sawasawa.

Siku tisa zile nilitazama saa ya ukutani nikiondoa masaa sita. Sasa yuko Monte Alban. Sasa anakula.

Alirudi amebabuka pua kwa jua. Alinikumbatia juu ya kaunta mbele ya wateja. "We, ile chapati! Tlayuda! Kila siku nilikula. Kila siku! Nikisema tu *sin carne* wananiletea, maharage yanateleza, sijawahi kula maharage matamu hivyo." Halafu akatoa kwenye mkoba mfuko wa khaki uliofungwa mara tatu kwa nailoni. "Usiulize nimepataje. Nilishika pua, nikafunga macho, nikamwambia yule mama nipimie. Mimi! Kununua wadudu! Senene wako hao."

Mtu ambaye kwao hata yai halitakiwi kuonekana alikuwa amebeba panzi kutoka bara moja hadi jingine kwa sababu niliwahi kumwambia ninawakumbuka.

Nilisema asante. Niliuweka mfuko kwenye droo ya chini nikaufunga kwa ufunguo. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake nikawaza: akijua ataumia, asipojua haumii, basi kumweleza ni kujisafisha mimi kwa kumchafua yeye. Hoja hiyo ilinifaa kwa miezi miwili. Ilikuwa hoja nzuri na niliitunza vizuri.

Iliharibiwa na mafanikio ya Nisha. Aliuza Wahaka kwa namna ambayo mimi sikuweza, kwa mikono na macho, mpaka kundi la wazee wa Queensbury na Neasden, watu wa hekaluni, wakataka kwenda pamoja. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la mama yake. Mkurugenzi alikodi ukumbi Jumapili mchana ili Nisha aonyeshe slaidi. Mimi nilikuwa nyuma, nikisukuma slaidi moja baada ya nyingine kila alipoinua kidole.

Ikapita Mitla. Ukapita mti wa Tule, wakaguna kwa mshangao. Ikaja slaidi ya sahani.

"Hii," alisema Nisha, "ndiyo mtakula. Mahindi, maharage, jibini. Hakuna nyama hata kidogo. Nimekula siku tisa, niko hapa."

Mama Nisha alikuwa safu ya mbele, mwanamke mdogo wa umbo, sari ya kijivu, sweta juu yake. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Wanakaangia mafuta gani?"

Nisha akacheka. "Mama na mafuta! Mimi sikuingia jikoni. Muulizeni Adelina pale nyuma. Huyo ndiye anajua kila kitu."

Vichwa vyote vikageuka. Yule aliyenisifu yuko mbele yao, na mkono wangu uko juu ya mashine ya slaidi. Kwa kawaida yangu niliona majibu matatu kwa mpigo. La kwanza, mafuta ya mimea: wazee hawa arobaini watakula nguruwe. La pili, sijui: Nisha atauliza hoteli na atajua. La tatu ndilo lililonitoka.

"Mafuta ya nguruwe. Yanakuwa chini ya maharage. Ni lazima uyakatae kwa jina."

Nisha alikuwa bado ameinua kidole kuomba slaidi inayofuata.

Mama Nisha hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilikuwa na nafasi hiyo, na mama yule, nafikiri, alikuwa amenipa kwa makusudi.

"Kabla hajasafiri, Mama."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

Kwa Kiswahili ni neno dogo. Mama Nisha alilitafsiri kwa Kigujarati kwa waliokaa karibu naye, nami nikalisikia likienda safu kwa safu. Nisha alishusha kidole. Alikuja nyuma, akazima mashine mwenyewe, na akaniambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anavyoambiwa mteja: kwamba ningeweza kwenda sasa.

Tangu siku ile Nisha hakunisemesha Kiswahili. Hakunikatalia salamu, hakunitukana. Alinijibu kwa Kiingereza. Niliposema "Habari za asubuhi" alijibu kwa Kiingereza kwamba ni nzuri. Watu wa London mnaosoma hapa mtasema hiyo si adhabu, watoto wenu wanawafanyia hivyo kila siku. Mtoto hajui anachokufungia. Nisha alijua.

Mkurugenzi hakunifukuza. "Umesema kweli mahali pabaya," alisema. "Ungeisema mahali pazuri usingekuwa hapa." Akanihamishia tawi jipya la upande wetu wa Thamesmead. Huko sikuuza magofu. Niliuza tiketi za kwenda nyumbani: Kinshasa, Lagos, Dar es Salaam, za misiba na za harusi. Msimamizi wa tawi alikuwa mama wa Bukavu, mkali, aliyeniambia siku ya kwanza, "Hapa hakuna utalii, Mama. Hapa mutu anaenda kuzika. Andika mbio." Nilijifunza kwake kuandika mbio na kufikiri baadaye, jambo ambalo lingenifaa mapema.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, bahasha yangu ikarudi. Baada ya miaka mingine kadhaa nikapata pasipoti ya Kiingereza, na safari ya kwanza niliyojikatia, kwa mkono wangu, ilikuwa OAX. Niliangalia herufi mara nne.

Niliyaona yote. Jambo moja ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniambia ni kimya cha Hierve el Agua. Nilisimama mbele ya maporomoko makubwa yanayoonekana yanaanguka, na masikio yangu yakawa yanangoja kishindo. Hakikuja. Nikagundua kwamba hata pale, nikiwa nimefika, bado nilikuwa nawaza kwamba Nisha alisimama hapa kabla yangu. Wivu ule haukuisha kwa kupata nilichokitaka. Nawaambia ili msije mkaungoja uishe kwa njia hiyo.

Siku nne zilizobaki sikwenda kutalii. Nilipita sokoni na vibandani, mama hadi mama, nikiuliza kwa Kihispania changu cha kitabuni nani anapika maharage bila asiento, na nikiomba kuingia jikoni nione kwa macho. Wengine walinicheka. Mmoja alinipa kiti. Nilipata majiko saba. Niliandika kila moja lilipo, jina la mpishi, siku anazofungua na maneno ya kumwambia, nikampelekea Mama Nisha kwa posta. Hakujibu. Mwaka uliofuata nilisikia kutoka kwa Mkurugenzi kwamba wazee wamekwenda, na Nisha ndiye aliyewaongoza.

Mwishoni mwa muongo ule watu walikuwa wakijikatia tiketi wenyewe kwenye kompyuta zao. Tawi la Thamesmead likafungwa kwanza, nikarudishwa ofisi ya zamani kwa wiki chache za kufunga maboksi. Sikustaafu kwa umri. Kazi ndiyo iliyostaafu, mimi nikaifuata. Mkiniuliza ilinifundisha nini, nitasema kwamba mwuzaji wa safari anauza kitu ambacho mwenzake atakila, atakilalia na kukiamini akiwa mbali na kwao, na hataweza kukukagua mpaka wakati umeshapita. Andikeni vyote mnavyovijua, na visomeni kwa sauti.

Siku ya mwisho nilifungua ile droo ya chini. Ufunguo nilikuwa nao miaka yote. Mfuko wa khaki ulikuwa pale pale, mafundo matatu.

Nisha alikuwa akibandua ramani ukutani. Aligeuka akaona. Alisimama na pini mdomoni, akaitoa.

"Aki. Hujawala?"

Nilihesabu kwanza: miaka kumi na zaidi tangu aninyime Kiswahili chake.

"Sikuona kama ni haki yangu."

"Nilishika pua kwa ajili ya hao," alisema. "Kula sasa."

Nilifungua mafundo. Walikuwa wekundu bado, wakavu kama maganda ya karanga. Nilichukua mmoja nikamtafuna mbele yake. Alikuwa na ladha ya vumbi, karatasi, na kwa mbali sana ndimu.

"Haya, wakoje?"

"Watamu," nikasema. "Kama wa nyumbani kabisa."

Nisha aliniangalia, ramani ya dunia ikining'inia upande mmoja nyuma yake.

"Wewe," akasema, bado kwa Kiswahili, "unaanza tena kunidanganya juu ya chakula?"